Kadi Iliyobaki Kambini

...la, sikuwa bohari, nimeshamwambia mara tatu sikuwa bohari, naye ameiinamia ile kadi yangu ya jeshi tena kana kwamba maandishi yatabadilika kwa kutazamwa, kidole chake kinashuka taratibu mstari kwa mstari, Yupo, Yupo, Yupo, Yupo, Yupo, mara tano, kila miezi mitatu mara moja, na mbele ya kila Yupo neno bohari, na muhuri, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa ng'ambo, vitani, nikila vumbi la watu wengine, nikiandika juu ya sanduku la risasi lililogeuzwa meza, na sasa mama huyu wa dirishani, hapa ofisi ya kumbukumbu za jeshi, anainua macho, ana macho ya upole, afadhali angekuwa mkali, ananiuliza, mzee wangu, nataka kukusaidia, lakini hebu niambie kitu kimoja, kuna mtu yeyote aliyekuona kule, au maandishi yoyote, chochote cha wakati ule... na kalamu yake iko juu ya fomu, kisanduku kimoja tu kimebaki wazi, Ushahidi mwingine, akiandika Hakuna hapo faili linafungwa, hii ni rufaa ya tatu na rufaa ya nne haipo, binti yangu alinisomea hilo jana kwenye barua, akarudia kwa sauti ya juu, kana kwamba kile chuma cha mgongoni kimeniingia masikioni. Baba, unaulizwa, ananong'ona sasa, amekaa ukingoni mwa kiti, ameikumbatia ile bahasha kubwa ya picha ya mgongo wangu kama mtoto mchanga, nasikia, mwanangu, nasikia vizuri, tatizo si masikio, ni mguu, huu wa kushoto ambao tangu asubuhi nautafuta chini ya kiti kwa kuugonga na ule wa kulia, upo, haupo, upo kidogo, wiki iliyopita daktari aliiweka picha kwenye taa akatuonyesha kipande chenyewe, kidogo, hata ukucha wa kidole cha mwisho unakishinda, kimetulia mgongoni miaka thelathini na moja halafu kimeamua kutembea, akasema kikifika pale, akaweka kalamu pale, mzee hutasimama tena, na haja zako utakuwa hujui zinakuja lini, akasema wiki sita, labda nane, mimi sithubutu kukigusa, wanaoweza ni wale wa hospitali ya majeruhi wa vita, na wale wa hospitali ya majeruhi wa vita, tangu mgongo ulipoanza kuuma miaka mitatu iliyopita, huisoma kadi yangu wakanirudishia kwa adabu kabisa, samahani mzee, wewe hukwenda vitani. Hukwenda. Chuma kilinirukia nikipanga mablanketi.

Na kosa lenyewe hata nikilieleza halielezeki, kwa sababu kila mtu alifuata sheria, mimi wa kwanza, mimi niliyekuwa karani wa kikosi na kuuringia ukarani wangu kuliko wengine walivyoringia bunduki, karani haandiki kadi yake mwenyewe, unafundishwa hilo kabla hujafundishwa kitu kingine, asije akajipandisha cheo, asije akajipa likizo, wala haibebi, basi tulipopanda meli kadi za kikosi kizima, mia moja na kumi na mbili, zilisafiri nami ndani ya sanduku la bati, nikilala ninalilalia, nikiamka ninalikalia, na kadi ya mia moja na kumi na tatu, yangu, ikabaki kambini kwa karani mwenzangu, yeye ndiye angeniandikia, Amesafiri, neno moja na tarehe, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini akaugua manjano juma lilelile, akaletwa mwingine asiyenijua, huyo akaikuta kadi ndani ya boksi la waliobaki, na kila aliyemo ndani ya boksi la waliobaki yupo, ndivyo kazi ilivyo, miezi mitatu ikitimia unapita na muhuri, tap, tap, tap, huendi bohari kuhesabu vichwa vya watu, wala simlaumu, hata mimi ningepiga... na niliporudi ningeweza kusema, siku ileile, afande alikuwa bado hai, meza ni ileile, wino uleule, ningesema afande nisahihishiwe, dakika mbili tu, sikusema, mbona sikusema... Shahidi tulishamleta, anasema binti yangu, anamwambia mama wa dirishani kwa ile sauti anayotumia akikaribia kulia, yule mzee wa mwezi wa pili, si mlimwandika, na mama anajibu polepole, tulimwandika, mwanangu, lakini mwenyewe ulikuwepo, ulimsikia. Tulimsikia. Kinanda, tulimwita hivyo kwa ajili ya meno yake, wa mwisho aliye hai katika wale ninaowajua, mkwewe alimvalisha koti na viatu vya kung'aa, akakaa hapahapa nilipokaa, akaulizwa unamfahamu huyu, akanitazama kwa furaha kubwa, akasema ah, namfahamu sana, huyu ndiye aliyekuwa anatunyoa, akaulizwa wapi, ng'ambo?, akasema ng'ambo ipi tena, mimi sijavuka hata mtaro, na kovu la risasi liko shingoni mwake linaonekana na kila mtu humu ndani, binti yangu akatoka nje akalia, mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mgongo ukanikanya. Aliyekuwa anatunyoa ni Mrefu. Kwa hilo la kunyoa Kinanda hakukosea kitu ila mtu... achana na Mrefu, sasa si wakati wake, unaulizwa, jibu.

Maandishi yoyote, amesema. Mama, maandishi yako nyuma yako. Mlango huo ulio wazi nusu, naziona rafu toka hapa, naona pembe za masanduku ya bati, moja juu ya jingine, rangi ileile ya majani makavu, na ndani ya mojawapo kuna kadi mia moja na kumi na mbili na kila moja imeandikwa na mkono huu, Amefika, Amejeruhiwa, Amefariki, tarehe na mahali, wino wa bluu mpaka ulipotuishia, kisha ule wa zambarau tuliouokota kwenye shule iliyobomoka, na ile K yangu yenye mkia ambayo walinitania nayo, karani, unaandika vifo au unaandika kadi za harusi, hakuna mtu mwingine duniani anayeandika K ile, iko hata kwenye fomu niliyoijaza juzi, hiyo hapo chini ya kiwiko chako, uchukue kadi moja tu uiweke kando ya fomu, utajiuliza mtu aliyekuwa bohari aliandikaje kadi za watu walio ng'ambo, utajiuliza na utajijibu, dakika tano, mama, tumehangaika miaka mitatu na dakika tano ziko nyuma ya mlango huo... na sijasema. Si rufaa ya kwanza, si ya pili. Nilimwacha mtoto wangu apande ngazi za maofisi, aombe ruhusa kazini mpaka wakamchoka, aandike barua kwa watu waliokwisha kufa, nikasema mwanangu mimi nimesahau, nikasema karatasi za zamani zile zitakuwa zimeliwa na mchwa, mimi karani, ninayekumbuka namba ya kila mtu, nikasema nimesahau, kwa sababu wakifungua sanduku hawataitoa kadi moja, watazipanga mezani zote kwa namba za askari, ndivyo kazi inavyofanywa, na watafika mia nne na kumi na saba.

Mrefu. Haya, njoo basi. Miguu yako ilipita kila kitanda cha jeshi, ukilala buti ziko barabarani, ulikuwa ukitunyoa huku unasimulia habari za mke wako mpaka tukakuomba unyamaze usije ukamkata mtu sikio, na asubuhi ile ya kuondoka darajani, malori mawili, moshi, kila mtu anapiga kelele, afande anapiga ubavu wa lori kwa kiganja, karani, hesabu, hesabu, na mimi nimesimama na orodha yangu, naita namba, wanaitika, nikaita mia nne na kumi na saba, na nikasikia ndiyo, naapa nilisikia ndiyo, au nilisikia mtu akikohoa... au sikusikia kitu, nikaweka alama kwa kuwa Mrefu hajawahi kukosekana mahali, mtu mrefu hivyo atakosekanaje, nikasema wote wapo, afande, tukaondoka, tukavuka, na daraja likalipuliwa nyuma yetu, na watu wetu, kwa amri yetu, ndipo mmoja akauliza, jamani, nani kamwona Mrefu. Alikuwa kwenye shimo la ulinzi ng'ambo ile ya mto tuliyotoka. Zamu ile nilimpangia mimi. Jioni afande alinikuta nimeishika kadi yake, nikamuuliza niandike nini, hakunitazama, akasema wewe ndiye uliyehesabu, utajua mwenyewe, na nilijua, nilijua upesi mno, nikaandika Ametoroka, neno moja na tarehe, K yangu imo, na mkia wake nikauvuta kama kawaida, na siku mbili baadaye bomu likatuangukia na kipande kikanipata mgongoni, nikafurahi, nikadhani nimeadhibiwa, tumemalizana.

Mzee wangu, anasema mama wa dirishani, kama hakuna niambie tu, si kosa lako. Si kosa langu. Ngoja, mama, ngoja kidogo, kuna mwanamke amesimama mlangoni pangu kambini, mwaka ule niliorudi. Amekuja kutoka kwao, hakutujua kwa sura, barua ya utoro ilimfuata huko ikasomwa mbele ya wakwe na majirani, ana tumbo la miezi saba, la ile likizo moja Mrefu aliyopewa akaenda kwao, nimemkaribisha kiti amekataa, anasema, shemeji, nimeambiwa wewe ndiye karani wa kikosi chao, nieleze kweli tu, sitalia, mume wangu anaweza kutoroka?, mtu ambaye hata sokoni haendi bila mimi?, na mimi, bandeji imejificha ndani ya shati, namwambia... sema, ulimwambia nini... nikamwambia, shemeji, mimi sikwenda. Nilibaki bohari. Na kwa kuwa alinitazama kidogo zaidi ya nilivyoweza kuvumilia, nikaingia ofisini nikaitoa kadi yangu boksini nikamwonyesha, unaona, Yupo, Yupo, Yupo, na muhuri, akaisoma yote kwa kidole, kama mama huyu, akasema ahsante shemeji, samahani kwa kukusumbua. Alinishukuru. Ndiyo maana sikusahihisha. Haikuwa manjano, haikuwa boksi, wao walikosea mara moja na mimi nikalishika kosa lao kwa mikono miwili nikajifunika nalo miaka thelathini na moja, na mtoto yule alizaliwa na akakua akiitwa wa mtoro, atakuwa rika moja na huyu wangu aliyekaa hapa.

Baba, tafadhali, sema chochote. Nitasema nini, niseme Hakuna, niende nyumbani nikapooze, nimekuwa nikijiambia hivyo usiku na mchana, kwamba mguu ukifa ndiyo haki yenyewe, kwamba nikinyamaza nikakaa kwenye kiti mpaka mwisho nitakuwa nimemlilia Mrefu vya kutosha, uongo mtupu, ni woga uleule umepata pa kukaa, shemeji atafaidika nini na mimi kujinyea... au niseme, mama, niletee kadi moja tu, ya Kinanda, linganisha mwandiko, naye ataona, atafurahi kwa ajili yangu, atagonga muhuri, sanduku litafungwa, watanipasua, nitatembea, na Mrefu atabaki mle ndani mtoro vilevile, na safari hii sitaweza kusema nilisikia ndiyo. Safari hii nitakuwa nimemwona ng'ambo ile, amesimama, kichwa kiko juu ya shimo lote, na nimepanda lori. Hapana. Hiyo namba, mama, anza na hiyo, mia nne na kumi na saba, mwandiko ni wangu na neno ni uongo, alikuwa zamu, tulimwacha, nilihesabu vibaya nikamwita mtoro, ukishaisahihisha yake ndiyo utazame kama yangu bado inakufaa, na kama baada ya hapo ni mahakama badala ya hospitali basi ni mahakama, maneno yote yako hapa, yamejipanga, hayatoki, kalamu yake bado iko juu ya kisanduku, ananisubiri, hana haraka, na binti yangu ananishika mkono, huu wa kuandikia, anaubonyeza kunitia moyo, hajui, bado hajui, dakika moja, mwanangu, nipende hivi dakika moja tu, halafu nitamjibu mama huyu.