Wifi Yangu, Bingwa wa Jiki

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hajawahi kuanza kitu akakimaliza. Alijifunza ususi akaacha katikati, na kichwa cha mteja kikabaki nusu nusu. Alifuga kuku wakamshinda. Aliuza manukato, lakini mnunuzi mkubwa alikuwa yeye mwenyewe, tena hakujilipa. Nyumbani tulimwita Madamu, naye akadhani ni heshima.

Mimi natengeneza kadi: za harusi, za pongezi, za pole, za kumkaribisha mtoto mchanga. Kazi yangu iko sebuleni, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, na dirisha lazima liwe wazi kwa sababu natumia jiki. Ndiyo, jiki hii hii ya kufulia mashuka. Naizimua kwa maji, nalowesha sponji kwenye kisosi, nagusisha muhuri wa mpira uliochongwa ua au ndege, kisha naugandamiza kwenye karatasi ya rangi iliyokoza. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye rangi inaanza kukimbia pale muhuri ulipogusa, na ua linajitokeza lenyewe, jeupe la kufifia, au rangi ya mchanga, kutegemea karatasi. Sijaona wino unaoweza kufanya hivyo.

Siku Madamu alipoiona kazi hii mara ya kwanza, alisimama mlangoni akaziba pua kwa mtandio.

"Wifi, humu ndani ni sebuleni au chooni?"

"Sebuleni, wifi. Karibu ukae."

"Nikae wapi na harufu yote hii? Mdogo wangu anahenya kazini, akirudi anakuja kunusa sakafu ya hospitali." Akaokota kadi moja kwa ncha za kucha, kama mtu anayemtoa mende nje. "Na hiki ndicho unachowauzia watu? Karatasi iliyochujuka?"

Mume wangu, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kochi, na ambaye mbele ya dada yake hana hata mfupa mmoja mwilini, aliangalia viatu vyake. Mimi nikaenda kuosha mihuri, maana jiki ikikaukia kwenye mpira inaula.

Basi. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama anachokwenda Madamu akaletewa kadi yangu na mtu, akaipenda, akaitia kwenye fremu na kuitundika ukutani. Madamu alipoiona akasema, bila hata kupepesa macho, "Ah, hizo mbona tunatengeneza nyumbani kwetu." Tunatengeneza! Kitu pekee alichowahi kutengeneza nyumbani kwetu ni ugomvi. Kufumba na kufumbua, akawa amekubali kutoa somo mbele ya kikundi kizima, siku ambayo wangekuwa na mgeni rasmi, mke wa mkubwa fulani.

Alikuja kwangu bila hodi. "Wifi, nipe mihuri yako. Na wewe uje, utanibebea vitu."

Ningekataa. Lakini mama mkwe, ambaye sina ugomvi naye, aliniomba kwa upole: "Mwanangu, nenda naye, asije akaaibika." Nikakubali, zaidi kwa kuihurumia mihuri yangu kuliko kumhurumia binti yake.

Nilijaribu kumwelekeza. "Wifi, kwanza uzimue. Halafu ujaribu kwenye kipande, siyo kila karatasi inakubali."

"Unanifundisha mimi jiki? Nimeanza kufua hujazaliwa."

Uongo mtupu. Nguo zake zote hufuliwa na dobi. Karatasi zangu nazo alizikataa, akasema zimekaa kama za kufungia misumari, akaenda kununua za kwake, nyeusi, za bei mbaya, zinazong'aa. Siku ya somo, kwenye korido ya ukumbi, nilizipapasa. Zilikuwa laini kama sahani.

"Wifi, hizi zina kitu kama plastiki juu. Jiki haitaingia."

"Beba beseni."

Nikabeba beseni.

Ukumbini alizungumza muda mrefu sana juu ya kipaji chake. Alisema kilimjia tangu utotoni. Wanawake walikuwa wamekaa kwa mistari, na mbele kabisa, karibu na meza, mgeni rasmi katika gauni la pamba la buluu iliyokoza. Mwisho Madamu akachovya muhuri kwenye jiki kavu kavu, isiyoguswa na tone la maji, akagandamiza, akanyanyua karatasi juu ili watu waone.

Hapakuwa na kitu. Jiki ilisimama juu ya karatasi kama jasho, kisha ikateremka hadi kwenye kiwiko chake.

"Subirini," akasema. "Sanaa haitaki haraka."

Wakasubiri. Mmoja akakohoa. Sauti ikatoka nyuma: "Ua liko wapi?" Mwingine akajibu, "Labda linaona haya." Ukumbi ukaangua kicheko.

Hapo akili yake, hiyo kidogo aliyokuja nayo, ikamtoka. Akamimina jiki kwenye sponji mpaka ikafurika, akauweka muhuri juu, akaupiga kwa kiganja kwa uzito wake wote. Sponji likatema. Mgeni rasmi akarukiwa na jiki kuanzia kifuani hadi mapajani.

Mwanzoni hapakuonekana kitu, isipokuwa unyevu. Mama wa watu akajipangusa kwa leso, akazidi kuisambaza. Kisha rangi ya gauni ikaanza kukimbia. Doa moja likatokeza, rangi ya chungwa, likafuata la pili, yakaungana, yakatanuka mbele ya macho yetu. Kwa mara ya kwanza siku ile jiki ilifanya kazi, tena kwa ufundi.

"Ua hilo hapo!" ikasema ile sauti ya nyuma.

Nilimshika mgeni mkono, nikampeleka bafuni, nikammwagia maji mengi ili jiki isije ikamchoma ngozi. Alikuwa anakung'uta gauni kwa hasira.

"Yule ni nani kwako?" akaniuliza.

"Wifi yangu."

Akanitazama. "Pole," akasema. Lilikuwa neno la kwanza la maana nililolisikia tangu asubuhi.

Kesho yake mimi na mume wangu tukaitwa kwa mama mkwe. Madamu alikuwa amekaa kwenye kochi, macho yamevimba, ameshapata maelezo: nilimpa jiki mbovu makusudi. Mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe, akasema labda mimi ndiye niende kumwomba radhi yule mgeni, kwa vile kazi ni yangu.

"Siendi, mama," nikasema.

Ndipo mume wangu akanyanyua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Dada, karatasi ulichagua mwenyewe. Mimi ndiye niliyekupeleka dukani. Muuzaji alikwambia hizo hazinyonyi hata wino."

Nilimtazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Madamu akaanza kulia kwa sauti, siyo kwa kujuta, bali kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kupingwa. Nilijitafutia huruma ndani ya moyo wangu, sikuiona, nikamuaga mama mkwe.

Radhi Madamu hajaomba mpaka leo, na kwangu hakanyagi. Nasikia ana darasa jipya, la kuwafundisha mabibi harusi namna ya kuishi vizuri na mawifi. Na wanakwenda.