Cherehani ya Violeth

Genoveva hakutaka kwenda. Mumewe, Tluway, ndiye aliyemsukuma: kadi ya mwaliko ilikuwa na jina lake, na watu wa Jorodom, mtaa wao, wasipoonekana, wageni wangesema wamedharauliwa. Basi akavaa kitenge cha kanisani, akapanda taratibu mpaka kwenye jumba jipya la sanaa, juu kidogo ya mji wa Katesh.

Jumba lenyewe lilimchukiza kabla hajaingia. Lilikuwa la zege tupu, halina plasta wala rangi, kuta zimeinamishwa kama zinataka kukuangukia. Dirisha hakuna hata moja.

"Hili ni ghala?" alimuuliza Evelyne, mwalimu wa sekondari aliyepewa kazi ya kuwatembeza wageni.

"Hapana, mama. Msanii alitaka mtu akiingia ajisikie amefunikwa."

"Sisi tulishafunikwa. Hakutuuliza?"

Evelyne akacheka kwa aibu, akamwongoza kwenye ujia mwembamba, wenye giza. Ndani yake spika zilikuwa zinanguruma: mawe yanagongana, miti inavunjika. Genoveva akashika ukuta. Ngurumo ile aliijua. Aliisikia alfajiri ile ya Desemba, mlima Hanang ulipomeguka, tope likashuka na mawe na kupita katikati ya nyumba yake, upande aliolala binti yake Violeth.

"Inasisimua sana," mgeni mmoja akasema nyuma yake. Genoveva akageuka, akamkazia macho mpaka yule bwana akatazama chini.

Ujia uliishia kwenye chumba kikubwa cheupe. Vitu vilivyofukuliwa kwenye tope vilikuwa vimening'inizwa kwa waya: sufuria zilizobonyea, kiatu, fremu ya baiskeli. Katikati, chini ya taa kali, palikuwa na cherehani. Mpini wa gurudumu lake ulikuwa wa mti, umefungwa kwa waya wa shaba. Tluway aliuchonga mwenyewe mwaka ule Violeth alipomaliza mafunzo ya ushonaji. Pembeni paliandikwa: "Kimya Namba Nne."

Msanii akamsogelea, kijana wa Dar es Salaam aitwaye Gerald. "Shikamoo, mama."

Genoveva hakuitikia. Waliokuwa karibu wakageuka, maana mtu mzima kumnyima kijana marahaba si jambo dogo.

"Teremsha cherehani ya mwanangu."

"Pole sana, mama. Niliikuta kwa wauza vyuma chakavu, sikujua ni ya nani. Lakini hapa inawasemea wote walio..."

"Ulimuuliza nani? Nyumba zetu ziko hapo chini tu. Teremsha."

"Ikitoka, kazi yote itaharibika."

"Na iharibike."

Akaketi sakafuni chini ya cherehani, akanyoosha miguu kama mtu aliye msibani. Wageni wakawa wanampita pembeni. Wengine walidhani naye ni sehemu ya maonyesho, wakampiga picha. Mmoja alipomwinamia na simu, Genoveva akaipiga kofi, ikaangukia kule. Hakuna aliyethubutu kumnyanyua. Hotuba zilipofika wakati wake, zikasomewa nje, juani.

Adhuhuri Evelyne akarudi na ngazi na koleo.

"Mwalimu, nani amekutuma?" Gerald akang'aka.

"Shika ngazi, kaka, nisianguke."

Akasita, kisha akaishika. Waya ukakatwa, na Genoveva akaipokea cherehani mikononi. Kutu ikamchafua kitenge.

"Naomba picha moja tu ukitoka nayo," Gerald akasema kwa sauti ya chini.

"Piga uone."

Hakupiga. Genoveva akakunja khanga aliyojitanda ikawa ngata, akajitwika mzigo wake na kuteremka.

Tluway alikuwa akimfunga ng'ombe. Alipoona kilichokuwa kichwani mwa mkewe, kamba ikamtoka mkononi. Aliingia ndani, akatoka na mafuta ya taa na kitambaa, wakakaa mlangoni wakaanza kusugua. Gurudumu halikusogea siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu likazunguka nusu, likakwama tena, na Tluway akaongeza mafuta.