Kifurushi Kisichoruhusiwa Kufunguliwa

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba kifurushi ninachokitunza kimekuja kuniaga.

Nieleze kwanza ni kifurushi gani, maana ukiwa macho hukioni. Naitwa Kisa Mwakatobe, naishi Tukuyu, na kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux. Mfumo huo una ghala mtandaoni. Kila programu huwekwa humo ikiwa kifurushi, na kila kifurushi kina mtunzaji, mtu anayejitolea kuhakikisha kinafanya kazi. Mimi natunza Tetemo, programu inayosoma mitetemo ya ardhi. Tetemo ni mali ya kampuni. Kwa leseni yake tunaruhusiwa kuigawa jinsi ilivyo, lakini haturuhusiwi kuifungua tuone imeandikwaje ndani. Kampuni yenyewe ilikufa zamani, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

Wiki hii ghala letu linahamia toleo jipya, na Tetemo imegoma. Kati ya maktaba inazozitegemea kuna moja ya hesabu. Maktaba, kwa lugha yetu, ni programu ndogo ambayo programu kubwa huiazima kazi. Hiyo ya hesabu imeondolewa ghalani kwa sababu ya uzee. Nilihangaika mpaka nikachoka. Jana jioni nikampigia simu Daktari Mwaisumo, mtafiti wa mitetemo ambaye sasa ni karibu mtu pekee anayeitumia, nikamwambia kwamba naiacha.

"Sawa, dada Kisa," alisema. "Ni vile tu mama bado yuko kule juu mlimani, hataki kuhama. Tetemo ndiyo inayoniambia kama mlima umegeuka usingizini."

Nikampa pole. Nikaenda kulala nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Basi ndotoni nipo maktaba. Ni maktaba kweli, yenye rafu na harufu ya karatasi, ila mvua inanyesha humo ndani na hakuna anayejali. Juu ya meza kimekaa kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa katani na kupigwa lakiri. Kinaonekana kizee, kwa hiyo nakiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," kinajibu. "Nimekuja kuaga. Nimeambiwa sasa mimi ni yatima."

"Nani kakwambia?"

"Ulisema kwenye simu. Kazi yangu ni kusikia mitetemo."

Nyuma yake, kwenye benchi, wamekaa wote kinaowategemea, kila mmoja na begi lake mapajani. Mwisho wa benchi yupo bibi mdogo sana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Huyo ndiye Maktaba ya Hesabu. Anahesabu matone ya mvua kwa sauti ya chini, na kila baada ya muda analiacha moja lipite bila kulihesabu.

"Bibi, mbona hilo umeliruka?"

"La kupumzikia," anasema, na kuendelea.

Mlangoni kuna mtu anaingia. Hapiti mlangoni hasa, anapita chini yake, maana ni mwembamba kama karatasi na amejikunja mara nyingi. Anasimama, anajinyoosha shati.

"Mimi ni Leseni," anasema. "Nafuatana na kifurushi popote kiendapo. Kufungua hakuruhusiwi."

Kuanzia hapo hakuna kinachofunguka. Nashika mlango, haufunguki. Nachukua mwavuli, haufunguki. Tone la mvua lilikuwa limeniangukia jicho la kulia nikalifumba, nalo limegoma kufumbuka. Najua kwamba sehemu iliyobaki ya ndoto nitaiona kwa jicho moja, na naliona ni jambo la kawaida.

"Sasa tutatokaje humu?" nauliza.

"Kutoka kunaruhusiwa," anasema Leseni.

Ukuta unasogea pembeni kwa adabu. Tunatoka moja kwa moja kwenye mteremko wa mlima, kati ya mashamba ya chai, nimekibeba kifurushi kifuani na bibi amenishika mkono. Hao wengine wa kwenye benchi wanatufuata nyuma na mabegi yao. Ukungu umekaa juu ya chai kama maziwa yaliyomwagika, na mtu fulani anaufuta kwa kitambaa, polepole, shamba kwa shamba.

Mbele ya nyumba ya bati amekaa mama mmoja anamenya ndizi. Sijawahi kuonana naye, lakini namjua. Ni mama yake Daktari. Mguu wake mmoja umeingia chini ya mlima mpaka gotini.

"Mwanangu Kisa," ananiambia, "mlima umenilalia mguu. Nauliza, niuvute au niuache? Nikiuvuta vibaya utaamka."

Namwita mwanawe kwa sauti, labda yuko karibu. Sauti yangu inakwenda mpaka bonde la pili na hairudi.

"Kunakili hakuruhusiwi," anaeleza Leseni. "Mwangwi ni nakala."

Basi nakiuliza kifurushi. "Tetemo, usikilize mlima. Umelala au unaamka?"

"Nikiwa nje ya ghala sisikii kitu," kinasema. "Niingize ndani kwanza."

Mama anaendelea kumenya. Hana haraka, ila naona maganda yanatetemeka kidogo ndani ya beseni, na mimi naanza kuogopa. Ninaogopa kweli. Nilikuwa nimesema naiacha, na huyu mama hakuwa hata na habari kwamba kuna mtu mjini anayeweza kumwacha.

Tukigeuka tu, ghala lipo hapo hapo. Ni banda refu kama yale ya kupokelea majani ya chai, na mlinzi wake ni mizani, inaning'inia mlangoni kwa ndoano.

"Habari za saa hizi," inasema mizani. "Kifurushi kipite. Hao wengine wapite. Bibi abaki. Huyo tulishamwondoa."

"Kifurushi hakiwezi kufanya kazi bila yeye."

"Yupo mpya wa jina hilo hilo."

Anajitokeza msichana mwenye nguo zilizopigwa pasi vizuri. Ananisalimia kwa heshima, anamwamkia bibi, anaanza kuhesabu mvua, ambayo imetufuata mpaka hapa. Anahesabu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Haruki hata tone.

Kifurushi kinasikiliza, halafu kinaanza kutetemeka mikononi mwangu.

"Huyu hapumziki," kinasema. "Sijui niingilie wapi." Kisha kinanyamaza, kama kinavyonyamaza kwenye kompyuta yangu, bila hata kusema kosa ni nini.

Msichana anasikitika. Anasema hakukusudia. Bibi anampigapiga mgongoni na kumwambia si kosa lake, amezaliwa hivyo.

Napiga magoti kwenye matope mbele ya Leseni.

"Baba, nisaidie. Kufungua hakuruhusiwi?"

"Hakuruhusiwi."

"Na kubadilisha?"

"Hakuruhusiwi."

"Na kufunika?"

Leseni anafikiri. Anaanza kujikunjua ili ajisome. Kumbe kukunjua si kufungua, nakumbuka nilivyoshangaa kwamba tofauti hiyo ipo. Anajikunjua kupita mashamba ya chai, anavuka mto, miguu yake inapotelea bondeni. Tunasubiri. Mama anamaliza mkungu na kuanza mwingine. Kutoka mbali sana, kwenye maandishi madogo ya mwisho kabisa, sauti yake inatufikia.

"Kufunika hakukutajwa."

Navua kanga yangu begani na kuitandika chini. Naweka kifurushi katikati.

"Bibi, kaa hapa pembeni yake."

"Nitaenea?"

"Jikunje kidogo tu."

Bibi anajikunja, anaegemea karatasi ya kaki kama mtu anayeegemea ukuta wa kwao. Nakunja pembe za kanga na kufunga fundo juu yao wote wawili. Hao wengine wanachukua mabegi yao na kujipanga nyuma yangu. Nanyanyua. Si mzigo mzito. Nauning'iniza kwenye mizani.

"Ni kifurushi kimoja," inasema mizani. Inanusa. "Ndani kuna nini?"

"Kutazama ndani hakuruhusiwi," anajibu Leseni, ambaye amesharudi na kujikunja, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina kitu kama furaha.

Tunaingia sote. Ndani ya ghala ni giza la kijani na vumbi la chai linaelea kila mahali. Nalaza mzigo sakafuni. Kutoka ndani ya kanga nasikia bibi anahesabu, anaruka moja, anahesabu. Halafu, chini ya hesabu yake, nasikia Tetemo inasikiliza. Sijui nielezeje sauti ya kitu kinachosikiliza. Ni kama mtu anayekaribia kukuita jina lako.

"Umegeuka tu," kinasema kifurushi. "Umelalia ubavu wa pili. Mama avute mguu sasa."

Mama anauvuta. Anaukung'uta udongo, anaupapasa, anavaa ndala yake, anachukua ndizi nyingine.

Vumbi la chai linamwingia bibi puani. Anapiga chafya. Ghala zima linatikisika, bati linalia, na jicho langu la kulia linafumbuka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nililala hivyo hivyo kwa muda nikitazama dari kwa macho yote mawili. Kisha nikaketi kwenye kompyuta kabla hata sijanawa uso.

Tetemo sikuigusa. Nilitafuta ile maktaba ya zamani, ambayo ni mali ya wote na haina wa kuizuia, nikaiwekea chumba chake ndani ya kifurushi hicho hicho, mahali ambapo programu nyingine hazitaiona. Nikaandika mistari michache ya kuvizungushia vyote viwili, inayoiambia Tetemo kwamba ikiamka igeukie huko kwanza. Nikaiwasha. Ikawaka. Nikatoa machozi kidogo, nikampelekea Daktari Mwaisumo, nikaenda kuteka maji.

Alinipigia nikiwa naandaa chai.

"Dada Kisa, inasoma. Nimeipa yote yaliyorekodiwa usiku. Mlima uligeuka mara moja, umetulia. Mama nimeongea naye, mzima kabisa." Nikamsikia akivuta pumzi. "Sikujua nilivyokuwa na wasiwasi."

"Tumshukuru Mungu, Daktari."

"Ila kuna kimoja hapa sikielewi. Cha alfajiri. Mtikisiko mdogo mno, sijawahi kuona mdogo hivi. Kitovu chake ni mtaani kwenu."

"Labda lori la chai lilipita."

"Nami nilidhani hivyo. Lakini lori lingekuwa juu ya ardhi, barabarani. Hiki Tetemo inasema kimeinuka kidogo kutoka ardhini. Kama kimo cha kitanda."

Nikageuka nikakitazama kitanda changu. Shuka lilikuwa bado limekunjamana.

"Nikifute?" akauliza. "Nahisi programu imekosea."

"Kiache tu, Daktari."

Tukaagana. Nikaweka simu mezani, nikasogea mpaka kando ya kitanda, nikainama kidogo.

"Afya, bibi," nikasema.