Adhana ya Lamu

Antena ya Twaiba ilikuwa na kosa moja tu: ilisikia mbali kuliko alivyoiomba. Angeijenga vibaya, kama watu wa Milalani walivyotabiri, angechekwa siku mbili tatu na mambo yakaisha. Lakini aliijenga vizuri, na uzuri huo ndio uliomkalia kifuani.

Aliijenga Ramadhani ilipokaribia, kwa ajili ya bibi yake, Bi Mishi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nyumba yao iko bondeni, na redio ya Bi Mishi ilikuwa ikikoroma zaidi kuliko ilivyokuwa ikisema. Mawaidha yakikatika, bibi aliipiga kofi la mgongoni kama mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Wala redio hiyo haikuwa pambo. Bi Mishi hakufuturu kwa saa ya ukutani wala ya simu. "Saa zimetengenezwa na watu," alikuwa akisema, "na watu nawajua. Mimi nitafungua nikisikia adhana kwa masikio yangu mawili." Sauti ya msikiti iliwafikia siku upepo ulipopenda. Siku nyingine zote, adhana yake ilikuwa ya redio, kutoka Mombasa.

Twaiba alikuwa na stashahada ya umeme na mawasiliano, na kazi ya kuajiriwa alikuwa bado akiitafuta. Akaenda Kona ya Musa, dukani kwa Kavenya, Mkamba mwenye vipuri vingi na maneno mengi zaidi, akataka akatiwe waya wa dishi.

"Ya redio?" Kavenya akashangaa. "Dadangu, redio inatakanga waya yoyote tu. Hii ni ya TV, utaniharibia bure."

"Waya wowote tu huokota kila kelele ya njiani. Huu umevaa koti, haudokoi."

"Koti! Na hii joto ya Ukunda?" Kavenya akacheka mpaka akaegemea kabati. "Haya, wacha nikupimie koti yako. Isipotoshea usirudishe."

Kazi yenyewe aliifanyia uani. Alichukua vyuma viwili vya pazia, vyepesi vya alumini, akavikata kila kimoja robo ya urefu wa wimbi la kituo alichokitaka, akavipigilia juu ya ubao vikitazamana ncha kwa ncha, na nafasi ya kidole katikati. Kisha akamenya ule waya. Chini ya ganda jeusi mna wavu wa nyuzi nyembamba, chini ya wavu mna plastiki nyeupe, na ndani kabisa umelala uzi mmoja wa shaba. Uzi wa ndani akaufunga kwenye chuma cha kulia, wavu kwenye chuma cha kushoto, akahakikisha havigusani hata kwa unywele, maana vikigusana kazi yote imekufa. Karibu na kiungo akauviringisha waya mafundo kadhaa ya duara, ili lile koti lisijifanye antena nalo. Mwisho akavisha kiungo kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na shaba.

Mjomba wake, Nassir, mdogo wa marehemu mama yake na mwenye kauli katika nyumba ile, ndiye aliyeshika ngazi.

"Usome miaka yote ile, uje ututundikie vyuma vya pazia mnazini?"

"Mjomba, shika ngazi."

"Nimeishika. Ukianguka nitasema sikuwepo."

Hakuanguka. Alivilaza vyuma vikakabili upande wa Mombasa, akateremsha waya hadi dirishani, akabana uzi wa ndani kwenye mkonga wa redio, ile fimbo yake ya kuvuta, na wavu kwenye ncha hasi ya betri. Nyuma ya Mombasa, ukiendelea kufuata pwani kwenda juu, mstari huohuo unakupeleka Lamu. Hilo Twaiba alilijua, lakini hakulitilia maanani.

Redio ikasema. Bi Mishi akaketi wima mkekani. "Masha Allah! Kama yumo humu ukumbini mwangu! Mpeni kahawa!"

Tangu siku hiyo nyumba zote mbili za bondeni zikawa zinafuturu kwa redio ile. Jirani yao Kahaso, aliyekuwa akipika katika hoteli moja ya Diani, alikuwa akipiga kelele ng'ambo ya ua: "Twaiba! Ongeza sauti, mbaazi zangu zimeshaiva!" Na Twaiba aliongeza, akajisikia mtu.

Tatizo lilikuwa kwamba Bi Mishi hakupaswa kufunga. Alikuwa na kisukari. Daktari wa Msambweni alimkataza, na imamu mwenyewe alikuja akaketi barazani, akamweleza kwamba mgonjwa kama yeye ana ruhusa ya kula na kutoa fidya, amlishe maskini kwa kila siku anayoiacha.

"Fidya ni ya wagonjwa," Bi Mishi alimjibu.

"Na wewe u nini, bibi?" Twaiba aliuliza.

"Mimi nina sukari tu."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Umeme ukakatika Milalani nzima, vipaza sauti vya msikiti vikanyamaza, na mawingu yakashuka hata haikujulikana jua liko wapi. Kwenye mkeka futari ilikuwa tayari: uji, tende, mbaazi, na kaimati alizozileta Kahaso. Mjomba Nassir alikuwa amekaa akizitazama kaimati, nazo kaimati zikimtazama.

Bi Mishi alikuwa akitoka jasho, na hewa ilikuwa ya baridi. Mikono ikawa inamtetemeka. Twaiba alipomshika bega, bibi akamtazama kama mtu anayetazama kupitia pazia, akamwita kwa jina la mama yake.

Twaiba alilijua jambo hilo: sukari ilikuwa imemshuka. Mwaka uliopita lilianza hivihivi, na bibi akaamkia hospitali. Akakoroga maji na sukari, akampelekea kikombe mdomoni. Bi Mishi akafumba meno.

"Bibi, una ruhusa. Imamu amekwambia."

"Adhana," alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Sijasikia adhana."

"Muda umebaki kidogo tu, mama," Nassir alisema. "Vumilia."

Ni kidogo kiasi gani, hakuna aliyejua; mbele ya Bi Mishi simu haikutolewa kwa mambo ya futari. Twaiba akairukia redio. Mombasa kimya. Huenda mvua ilikuwa imewazimia mitambo. Pale sauti ilipokuwa ikikaa palikuwa na mvumo mtupu. Akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, na ndani ya ule mvumo, mahali palepale pa kituo chao, kikajitokeza kisauti chembamba kilichokuwa kikifunikwa na cha Mombasa siku zote: "...na sasa ni wakati wa adhana ya magharibi kwa wakazi wa Lamu na visiwa vyake."

Lamu iko mashariki zaidi. Jua huwaaga wao kwanza. Tofauti ni dakika chache, lakini saumu haina dakika chache. Aliyekula kabla ya jua kutua amekula mchana.

Hakuna mwingine aliyesikia tangazo lile. Kidole cha Twaiba kilikuwa juu ya kitufe cha sauti. Angeweza kuizima redio. Angeweza kusema, "Hii ni ya Lamu, tusubiri." Alingoja mtangazaji amalize, asije akataja Lamu tena, kisha akafungua sauti yote.

"Allahu akbar, Allahu akbar."

Meno ya Bi Mishi yakaachana. Alisema bismillahi, akanywa kikombe chote bila kupumua, akatafuna tende, akataka tena maji. Mjomba Nassir alikuwa keshatia kaimati mbili shavuni. Ng'ambo ya ua Kahaso aliwaita wanawe: "Njooni, njooni, imeadhiniwa!" Twaiba alimsikia, akaikaza midomo yake. Angekwenda uani akamnong'oneza. Angembonyeza mjomba wake. Lakini bibi angeona mikono ya wenzake imesita, na kile kikombe angekirudisha chini. Kwa hiyo aliwaacha wale. Yeye mwenyewe hakugusa hata tende.

Baadaye kidogo, jasho la bibi likiwa limekauka na macho yamerudi mahali pake, upepo uligeuka. Kutoka msikitini ikaja sauti tupu ya mwadhini, isiyo na spika, ikipanda na kushuka kwenye manyunyu: Allahu akbar.

Mjomba Nassir aliacha kutafuna. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

"Astaghfirullah. Tumekula mchana."

Kisha Bi Mishi akavuta ushungi wake mbele.

"Ni mimi," alisema. "Niliidai adhana sana, ndiyo redio ikaadhini kabla ya wakati. Uzee huu! Nimewaponza nyote."

Twaiba alimwacha ajilaumu. Akachukua tende, akafuturu, na tende ile ilimkwaruza kama mchanga.

Asubuhi Kahaso alichungulia juu ya ua akicheka. "Twaiba we! Antena yako imenilisha mchana, na miaka hii yote shetani mwenyewe alikuwa ameshindwa nami! Haya, nitailipa siku yangu baada ya Idi." Twaiba akacheka naye.

Lakini kilichomvunja ni bibi. Alasiri alimkuta ukumbini, amefunga, uso umepauka, anahesabu kwa vidole.

"Hesabu gani hiyo, bibi?"

"Nitailipa ile ya jana. Na nyingine juu yake, kwa kuwaponza wenzangu."

Twaiba aliketi chini pale alipokuwa amesimama. Alikuwa amemwibia bibi yake siku moja ili amwokoe, na bibi sasa anainunua tena kwa mbili. Mjomba Nassir alikuwa anaingia kutoka msikitini, kofia mkononi.

"Hukukosea, bibi," Twaiba alisema. "Ilikuwa adhana ya Lamu. Mtangazaji alisema, nami nilisikia. Nilingoja amalize, nikaongeza sauti."

Nassir alisimama mlangoni. "Ulisikia."

"Nilisikia, mjomba."

"Ndiyo maana wewe hukula!" Alimnyooshea ile kofia. "Mimi nilikuona, nikasema labda ana mawazo. Sisi umetulisha, wewe umeilinda saumu yako! Hata mwizi huwagawia wenzake!"

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Usiku kucha alikuwa akilizunguka neno hilo bila kuligusa.

Bi Mishi hakupaza sauti. "Ilikuwa siku yangu, Twaiba. Yangu na Mola wangu. Umeingiaje katikati?"

"Ulikuwa unaondoka, bibi. Uliniita mama."

Mikono ya bibi ilikuwa imeanza tena kutetemeka, akaificha chini ya leso.

"Leo nikizidiwa tena," aliuliza, "na redio ikaleta Lamu, utafanya nini?"

"Nitaongeza sauti."

"Huku ukijua ni dhambi?"

"Nikijua."

"Twaiba!" Nassir akafoka.

"Mwache." Bi Mishi aliangalia dirishani, pale waya mweusi ulipoingilia. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Mimi sikukulea nije niwe sababu ya dhambi zako. Nassir, mwambie imamu nitatoa fidya, kwa ile ya jana, na hii, na zilizobaki. Na wewe nenda jikoni, niletee uji."

Twaiba aliuleta kwa mikono miwili. Bibi alikipokea kikombe, akakiweka pajani. Twaiba alikuwa amepata alichokitaka, naye alikuwa akimtazama mwanamke mzima akinyang'anywa mwezi wake, na mnyang'anyi ni yeye.

"Haya," alisema Bi Mishi. "Langu nimelifanya. Na wewe fanya lako. Niombe radhi, mbele ya mjomba wako, tuyamalize."

"Neno moja tu," Nassir alisema, safari hii kwa upole. "Tutasamehe, mwanangu. Sema."

Twaiba alimtazama bibi yake, midomo iliyokauka, kikombe kisichonywewa.

"Kwa Kahaso nitakwenda sasa hivi, nimweleze yote, anitukane apendavyo," alisema. "Na antena nitaiteremsha mkitaka. Lakini hilo neno likinitoka litakuwa la uongo, na uongo wa jana umenitosha. Kunywa, bibi, uji unapoa. Radhi siombi."