Shafti ya Suzana

Suzana alikuwa injinia wa mitambo katika kiwanda cha kusaga mawe ya dhahabu nje ya Mpanda. Kinu kilipoanza kukata shafti, mhimili wa chuma unaokizungusha, kila mwezi, alijifunza mwenyewe kuchora kwa kompyuta, akabuni shafti mpya. Meneja wake, Rafaeli, akamtaka aieleze mbele ya wakubwa kwa Kiingereza.

Alipokwama kwenye sentensi ya pili, meneja akacheka. "Dada, nani amekuchorea?"

"Nimechora mwenyewe, bosi. Naomba nieleze kwa Kiswahili."

"Kaa chini. Kelvin, malizia."

Kelvin, injinia aliyeajiriwa siku ileile pamoja na Suzana, alizisoma karatasi za mwenzake kwa madaha bila kuzielewa. Wakubwa wakapiga makofi. Kesho yake Kelvin alimfuata Suzana kwenye kinu, akamwomba amwoneshe vipimo vinasomwaje. Suzana akamwonesha licha ya hasira, kwa sababu shafti ikikatika vibaya ingeweza kumuua fundi.

Shafti mpya ikafungwa, ikadumu. Kelvin akapandishwa kuwa injinia mkuu. Barua yake ya kwanza ilimhamishia Suzana stoo ya vipuri, kwa kuwa hajui kujieleza.