Fundi Sadallah Hufunga Dirisha

Mdogo wangu Oliva alikuwa na nafasi mbili: shahada ya sanaa Dar es Salaam, au mafunzo ya usonara Arusha. Chuo kikuu kilimtaka athibitishe kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa hiyo tuliyosafiri. Baba alisema achague mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshamchagulia shahada.

"Unachora mpaka watu wanasimama njiani," nilimwambia gari lilipokuwa linapanda mlima kutoka Masasi kwenda Newala. "Halafu ukainamie moto na tupa?"

"Kaka Godwin, wewe mashairi umejifundisha mwenyewe na hujafa."

"Ndiyo maana! Kila nikisimama kusoma, mtu ananiuliza nimesomea wapi. Wewe sitaki uulizwe."

Alinishika mkono.

Tulikuwa tumebeba pete ya mama. Nyigu walimuuma shambani kwenye mikorosho, kidole kikavimba, muuguzi akalazimika kuikata. Jumapili mama na baba wangebarikiwa kanisani kwa miaka thelathini ya ndoa. Sonara Sadallah, aliyekuwa akimfundisha Oliva kila likizo, alisema pete hiyo Oliva aiunge mwenyewe.

"Shikamoo, fundi," tulisema tulipoingia karakana yake, Newala.

"Marahaba. Huyu ndiye kaka mwenye maneno mengi?"

"Ndiye huyu," Oliva akajibu bila huruma.

Oliva alibana pete, akaweka kipande kidogo cha lehemu penye ufa, akawasha moto. Fundi akafunga dirisha. Nilitoa simu nimrekodi akifanya kazi, nikaona giza tupu. Nikasukuma dirisha, jua likamwagika mezani.

"Funga!" fundi alipaza sauti.

Nilichelewa. Gizani dhahabu huwaka wekundu, na kwa wekundu huo fundi hujua lini aondoe moto. Juani hauonekani. Oliva aliitafuta rangi iliyopotea kwa muda mfupi tu, na ukingo wa pete ukalegea, ukakunjamana kama nta.

"Kijana," fundi akasema, "kwenu mkitaka kuona wali umeiva, mnaezua paa?"

"Nisamehe, Oliva," nilisema. Kisha, naona aibu kuandika hili, nikaongeza: "Lakini umeona? Kosa dogo tu na kazi imeharibika. Kwenye shahada..."

"Kaka, niliiona." Macho yake yalikuwa na machozi, lakini alikuwa anatabasamu. "Kabla hujafungua. Ilikuwa nyekundu, na nilijua imebaki kidogo. Nilijua kabisa! Ningeichora mara mia nisingeijua."

Alivua hereni moja ya dhahabu, zawadi yake ya kipaimara.

"Fundi, nikikata palipoharibika, hii itatosha kuziba?"

Fundi aliipima kwa macho. "Itatosha. Ila mshairi asimame palepale alipofanya ujinga, afunge dirisha na kuliegemea."

Nikaegemea. Katika giza lile niliona kilichomkamata mdogo wangu: kipande cha dhahabu kikipanda rangi taratibu, na uso wake ukiwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuuona. Aliondoa moto bila kuambiwa. Fundi akaigeuza pete kwa koleo, akaichunguza pande zote, akamrudishia kwa tabasamu. Oliva akashusha pumzi.

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa chuo kikuu: athibitishe kwa tarakimu alizotumiwa, zimebaki dakika ishirini.

"Nikusomee tarakimu?" niliuliza.

"Usinisomee. Naenda Arusha, kaka. Usinune."

"Sinuni."

"Umenuna mpaka masikio."

Alichukua tupa laini akaanza kusawazisha pale alipounga. Saa kumi ilipita hajainua kichwa. Nikampigia baba.

"Baba, Oliva anakwenda Arusha."

"Na wewe umemkubalia?"

"Hakuniomba ruhusa," nilisema, na nyuma yangu fundi na mwanafunzi wake wakaangua kicheko.