Plasta Juu ya Mshale

Ulipita. Usitikise kichwa, wala usijifanye unatafuta miwani. Ulikuwa ndani ya gari jeupe, vioo vimepandishwa mpaka juu, saa nne na nusu asubuhi, pale kilima kinapoanza. Uliliona gari la zahanati limefunua boneti, linafuka mvuke. Ulimwona seremala katikati ya barabara anapunga shati lake, kifua wazi. Ukainamia simu yako. Ulikuwa na haraka, unajua mwenyewe ya nini: kuzindua geti jipya la zahanati, lililopakwa rangi juzi. Basi kaa usikilize ulichokikwepa, tena tangu mwanzo.

Gari lile ni kuukuu, na dereva wake ni Mzee Hita. Jina hilo alibandikwa na abiria. Jua liwe la kupasua vichwa, yeye huwasha hita dakika mbili nzima, watu wanalowa jasho na kumlaani. Si kichaa. Hita ile hupata joto lake kwenye maji ya injini. Ikipuliza moto, maji yapo. Ikipuliza baridi, maji hayapo, na hapo simama ulipo. Ndicho kipimo pekee alichoachiwa.

Maana kipimo chenyewe, ule mshale wa joto kwenye dashibodi, ulikuwa na vituko vyake. Ukipita kwenye shimo, unaruka mpaka kwenye nyekundu. Ukipiga dashibodi ngumi mbili, unarudi katikati kama mtoto aliyekaripiwa. Mzee Hita aliuzoea uongo wake wote, na aliujua ukweli wake mmoja: maji yakiisha kabisa, mshale ule haupandi, unaanguka chini na kulala. Mtu asiyejua angesema injini ni baridi, mambo safi.

Miaka mitatu aliomba geji mpya ya joto na bomba jipya la chini la rejeta, ule mpira unaopitisha maji ya kupozea injini. Aliomba mwaka paa la wodi lilipovuja, wakaweka ndoo. Aliomba mwaka mlango wa stoo ulipong'oka, wakauegemezea kabati. Zahanati ile ndivyo inavyoendeshwa, kila kilichovunjika kinafunikwa. Mkuu wao wanamwita Bwana Tutaona, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi nyingine. Siku mshale uliporuka mbele ya mgeni mmoja aliyepewa lifti, mgeni akashika mlango tayari kuruka, Bwana Tutaona alikwenda chumba cha sindano, akarudi na plasta pana nyeupe, akaibandika juu ya geji kwa mkono wake.

"Inatisha wagonjwa," alisema.

"Mkuu, inayoumwa ni injini, plasta unambandika shahidi."

"Tutaona."

Mzee Hita aliibandua mara mbili. Mara ya pili alipewa onyo la mdomo mbele ya wafagizi. Akaiacha, akabaki na hita yake, na chupa ya akiba ya maji iliyo chini ya boneti. Nayo chupa ilikuwa na hila. Maji ya kijani ya kupozea injini, ya miaka yote, yalikuwa yameacha doa la kahawia ndani ya plastiki, hasa pale kwenye alama ya kujaa. Ukiitazama kwa nje utaapa imejaa, hata ikiwa kavu. Kwa hiyo kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, yeye huitikisa. Kinachocheza ni maji, kisichocheza ni doa.

Siku ya geti, kabla hajafika kazini, mtunza stoo alilichukua gari kwenda kubeba viti vya wageni. Safari tatu, gari limeshiba viti mpaka juu. Aliporudi, mpira wa chini ulikuwa umechanika, maji ya kijani yanachuruzika uani, pale pale wageni watakapopita. Unadhani alisema? Alileta beseni la wodini akalikinga. Maji yalipoacha kudondoka, alimwaga beseni nyuma ya choo, akanyunyiza mchanga juu ya doa, akaenda kupanga viti. Kiti ulichokalia wewe ni kimojawapo.

Mzee Hita alikuta uwanja safi na vurugu mlangoni. Mke wa seremala alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya, lazima afike hospitali kubwa ng'ambo ya kilima kwa upasuaji.

"Gari lilitoka?" alimuuliza mtunza stoo.

"Hapo tu, mzee, hata halijapata joto."

Akafungua boneti. Mkono ulikuwa unaelekea kwenye chupa. Mama akapiga yowe, seremala akasema, "Baba, nakuomba," na Bwana Tutaona, amevaa tai, akapaza sauti, "Dereva, wageni wako njiani, niondolee kelele hizo!" Mzee Hita aliitazama chupa. Imejaa. Hakuitikisa. Akafunga boneti.

Hilo hajalisahau, na hakuna aliyemsaidia kulisahau.

Wakatoka. Alipogusa swichi ya hita, mkunga aliyekuwa nyuma amemshika mama mabega alimkemea, "Mzee Hita, leo hapana! Mwenzio anaungua huku, unataka kutupika?"

"Dakika moja tu, sista."

"Hata nusu!"

Akauondoa mkono. Kilomita ya kwanza, shwari. Ya tatu, ikaja harufu, tamu tamu, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Hakumuuliza mtu, akawasha hita mpaka mwisho.

"Afadhali!" mkunga akashangilia. "Kumbe leo inatoa baridi! Miaka yote ulikuwa unatunyima."

Mzee Hita akapitisha ukucha chini ya plasta, akaivuta. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

Akazima injini, gari likaserereka mpaka pembeni, chini ya kilima.

"Unafanya nini?" Seremala alimrukia kutoka kiti cha pembeni. "Mzee, endesha! Mke wangu anakufa!"

"Nikiendesha, injini inakatika pale juu kwenye kona, na haiwaki tena. Hapa nina nafasi ya kuifufua."

"Kwa dakika ngapi?"

"Arobaini."

Seremala alimtazama kana kwamba ametukanwa. Akashuka, akafunua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Mzee Hita alimdaka kiwiko. "Ukifungua sasa, uso wako unabaki hapa. Vua shati, nenda barabarani, simamisha gari lolote."

Yalipita magari saba. Mkunga aliyahesabu kwa sauti, huku amemlaza mama ubavu, maana hakuwa na kingine cha kumpa isipokuwa mkono wa kuminya. Lako lilikuwa la nne. "La tano, washenzi. La sita." Mama akauliza kwa sauti ndogo kama wamefika. Mkunga akahesabu la saba.

Mzee Hita alilala chini ya gari, mvuke unamchoma shingo, akaupata mpasuko. Kwenye buti alikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Akakizungushia kwenye mpira, akakaza, hakikushika vizuri.

"Sista, una plasta?"

Mkunga alichelewa kumwelewa. Kisha akafungua mkoba, akamtupia roli nzima, akaanza kucheka kicheko kibaya cha kukaribia kulia. "Chukua. Afadhali leo inabandikwa kwenye kidonda."

Walingoja injini ipoe. Kungoja kule ndiko kulikomzeesha seremala. Kisha kifuniko kikafunguliwa kwa kitambaa, robo mzunguko, kikapiga mluzi, kikanyamaza. Dumu la maji ya kunywa la mkunga likaingia polepole, lote. Mzee Hita aliacha kifuniko kimelegea kidogo ili presha isiupasue mpira, akawasha hita, akaweka kiganja mbele ya tundu. Vuguvugu. Kisha moto.

"Tupike sote," alisema mkunga. "Twende."

Walipanda kilima kwa gia ya pili, jasho linawatiririka, hakuna aliyelalamika.

Daktari wa upasuaji aliwapokea mlangoni. "Mmetoka kilomita kumi na mbili. Mlikuwa wapi saa nzima?" Mama alipona. Mtoto alitolewa kimya, wakamhangaikia muda mrefu kabla hajalia, na alilia kama mtu wa mbali. Siku tisa alikaa kwenye kisanduku cha kioo, na baba yake amesimama nje, bado anahesabu zile dakika arobaini. Madaktari wanasema ni mapema mno kujua zilimgharimu nini.

Wiki iliyofuata Mzee Hita alikabidhiwa barua ya onyo: kuchelewesha mgonjwa. Mtunza stoo alipewa shukrani kwa maandalizi ya viti. Na mzee alipofungua mlango wa gari, juu ya geji kulikuwa na plasta mpya, nyeupe, imelainishwa pembe zote nne kwa kidole. Kwenye rejeta mpira ni ule ule, na ile tyubu, na ile plasta ya mkunga iliyokwisha kuwa nyeusi.

Aliibandua. Kesho yake ikarudi. Peke yake hawezi, na ukimwacha peke yake unajua fika unachofanya.

Kesho asubuhi gari lile linambeba mama mwingine, anakaa mtaa wa pili kutoka kwako. Usiniambie umesikitika. Inuka sasa hivi. Pita kwenye lile geti ulilopigia makofi, fungua mlango wa gari, bandua ile plasta, itikise ile chupa, kisha ingia na plasta mkononi ofisini kwa Bwana Tutaona, usitoke mpaka mpira mpya uwe umefungwa. Akisema tutaona, mwekee plasta mezani umwambie umekwisha kuona. Nenda. Mbona bado umekaa?